Vingʼamuzi viingie kwenye risiva, siyo kwenye runinga

Mhariri,

Kuna watu wengi wamelipia sauti ambayo hawajawahi kuisikia. Mtu ananunua risiva ya sauti na picha, ile amplifaya yenye matundu ya HDMI mgongoni, pamoja na spika tano na sabufa. Fundi anakuja, anachomeka kingʼamuzi na deki kwenye runinga, kisha anavuta waya mmoja tu kutoka kwenye runinga hadi kwenye risiva. Picha ipo, sauti ipo, fundi analipwa. Spika za nyuma ziko kimya, au zinarudia yale yale ya mbele, kwa kuwa runinga nyingi hupokea sauti ya spika zote na kuitoa ya spika mbili.

Vifaa vyote viingie kwenye HDMI IN za risiva, kila kimoja na waya wake. Waya mmoja utoke HDMI OUT uende kwenye tundu la runinga lililoandikwa ARC, yaani linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva, siyo lolote lililo wazi. Ukiwasha ARC kwenye menyu ya runinga na ya risiva, sauti ya YouTube iliyomo ndani ya runinga itarudi kwa waya huo huo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kingʼamuzi uchague Dolby Digital au Bitstream, yaani sauti ya spika zote ipelekwe kwenye risiva ilivyo. Ikibaki PCM au Stereo, ambayo kwenye vingʼamuzi kwa kawaida ni sauti ya spika mbili, kazi yote ya nyaya imepotea. Zile nyaya nyekundu na nyeupe hazipitishi zaidi ya spika mbili, hata ufanyeje.

Kwenye spika ndiko risiva nyingi zinakofia. Chomoa umeme kwanza. Menya waya sentimita moja, usokote nyuzi zote, usiache hata moja nje ya tundu: uzi mmoja wa shaba ukigusa tundu la pili, risiva hujizima na taa kumetameta. Upande wenye mstari uende kwenye nyekundu, kwenye risiva na kwenye spika pia. Ukigeuza spika moja, besi hupungua na sauti za waigizaji hukosa mahali pa kutokea. Kama huna uhakika, chomoa waya kwenye risiva, uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya ikiwa kwenye chanya, koni husogea nje.

Spika zilizotolewa kwenye seti za bei nafuu nyingi ni za ohmu 3 au 4; ohmu ni kipimo cha ukinzani, na zikiwa chache spika huvuta umeme mwingi zaidi. Risiva iliyoandikwa ohmu 6 hadi 8 inaweza kuchemka ikizibeba. Sabufa ya seti hizo nayo mara nyingi haina amplifaya ndani; ikiwa hivyo, ukiichomeka SUB OUT, tundu la risiva lisilotoa nguvu ya kuendesha spika, haitalia.

Nawaomba pia wauzaji wa risiva za mitumba kutoka Marekani wawaambie wateja ukweli. Risiva iliyoandikwa 120V pekee haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Inahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa nyuma ya risiva. Stabilaiza ya kawaida inayotoa volti 220 haiiokoi. Bandikeni kwenye kila risiva karatasi inayotaja volti na ohmu, mteja aisome kabla hajatoa pesa.

Fundi wa sauti,
Dar es Salaam