Ubuyu hauchemshwi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wageni wa jiji letu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wengi wamefika wakiamini ubuyu ni zile mbegu nyekundu za kwenye vifuko zinazopaka ulimi rangi. Ule umeshapikwa kwa sukari, rangi, iliki, pengine na pilipili. Mtamu, hatukatai. Lakini ubuyu wenyewe ni mweupe, mkali, na umejikaukia ndani ya ganda ukiwa bado mtini. Ukienda Iringa kwa njia ya Mtera wakati wa kiangazi utaiona mibuyu imepukutisha majani, mabuyu yananing'inia peke yake.

Buyu zuri hujulikana kabla ya kupasuliwa. Litikise sikioni: ukisikia vitu vikigongana, limekauka. Ganda liwe na manyoya yake laini kama mahameli, bila ufa wala tundu. Penye ufa hupita unyevu, na unyevu ukiingia unga hugeuka kahawia na kunuka uvundo. Hilo tupa, hata kama upande mmoja bado mweupe. Zima lipige kwa mgongo wa panga katikati. Ndani utakuta vipande kama chaki, kila kimoja kimeficha mbegu, na nyuzi nyekundu zimepita kati yake. Nyuzi ziondoe.

Sasa juisi, ambako ndiko watu wanakoharibu. Wanaubandika ubuyu jikoni kama majani ya chai, kumbe moto mkali unaua vitamini C, nayo ndiyo sifa kubwa ya tunda hili. Kinachochemshwa ni maji, tena peke yake. Yaache yapoe yawe vuguvugu. Kikombe kimoja cha ubuyu wenye mbegu kitie katika lita moja, funika kwa saa nzima, kisha vuruga kwa mwiko mpaka mbegu zibaki tupu. Chuja. Sukari iwe ya mwisho, baada ya kuonja, kwa sababu ukali hutofautiana mti kwa mti. Ikikaa, unga huzama chini; si uchafu, koroga tu kabla ya kumimina. Na tafadhali, mbegu zisiingie kwenye blenda: zikivunjika, juisi inakuwa na chengachenga kama mchanga.

Kwa uji wa uwele au mtama, tumia unga uliochekechwa, vijiko viwili vya chakula kwa lita. Uloweshe kwanza kwa maji baridi, la sivyo utafanya madonge, halafu utie sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Anayetaka maziwa asubiri uji upoe, maana ukali wa ubuyu hukata maziwa ya moto papo hapo.

Mbegu humung'unywa na kutemwa. Mtoto mdogo apewe juisi tu, asije akapaliwa.

Unga unaobaki uhifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kijiko chenye maji kikiingia hata mara moja, unashikana na kuota ukungu, na hapo hakuna kuuanika tena juani ukitumaini utapona.

Wauza ubuyu,
Dodoma