Hilo daraja la Covington: barua kwa mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema yule mzee wa Covington anauza bastola yake ya milimita 9 na shotigani ya geji 12, bei ni nzuri, na kutoka kwako Cincinnati ni kuvuka daraja tu. Sikuzuii kununua. Una miaka 24, una grini kadi na rekodi yako ni safi. Ila hilo daraja ndilo jambo lenyewe. Wewe uko Ohio, yeye yuko Kentucky, na sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1968 haipimi maili; inauliza kila mmoja ni mkazi wa jimbo gani. Watu wawili wasio na leseni ya biashara ya silaha, wakazi wa majimbo tofauti, hawakabidhiani mkono kwa mkono. Si sebuleni kwake, si kwenye maegesho ya supamaketi, hata kama wote ni watu safi na mmeandikiana risiti. Akikupa, yeye ana kosa la kukupa, na wewe una lako la kuiingiza Ohio.

Wala usidhani zawadi inabadilisha kitu. Hata mimi baba yako, kwa kuwa nakaa Minnesota, siwezi kukupa bunduki mkononi ukija Krismasi. Lazima ipite dukani. Isiyopita dukani ni ya mirathi: aliyeachiwa kwa wosia, au aliyerithi bila wosia, anaweza kuichukua jimbo jingine akarudi nayo kwake, mradi jimbo lake linairuhusu na yeye mwenyewe si miongoni mwa waliokatazwa. Kuazimana kwa muda kwa ajili ya kuwinda au kulenga shabaha pia kunaruhusiwa. Kuuziana hakumo humo.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mzee hata senti, tafuta duka lenye leseni ya shirikisho hapo Cincinnati. Wenyewe leseni hiyo wanaiita FFL. Piga simu uulize mambo manne. Je, wanapokea silaha kutoka kwa mtu binafsi, au kutoka kwa duka lenzao tu? Ada ni kiasi gani kwa kila silaha? (Mara nyingi ni kati ya dola 25 na 75, na silaha mbili mara nyingi ni ada mbili.) Jibu la ukaguzi, yaani FBI kuangalia rekodi ya mnunuzi, likichelewa, wanatoza ada ya kuihifadhi silaha? Na siku tatu za kazi zikipita bila jibu, wanaitoa au wanangoja jibu lifike? Hili la mwisho watu hawaliulizi, halafu wanagombana na karani kaunta.

Kwenu nyinyi njia nyepesi ni hii: mzee mwenyewe avuke daraja. Sheria inamkataza kukupa wewe, haimkatazi kumpa muuzaji mwenye leseni, hata wa jimbo jingine. Atoe risasi zote, aangalie chemba, afunge silaha kwenye sanduku lenye kufuli, aliweke kwenye buti, azilete dukani. Mwenye duka ataandika kwenye daftari lake jina na anwani ya mzee, aina ya silaha, modeli, kipimo cha risasi na namba iliyochongwa kwenye chuma. Kuanzia hapo silaha iko mikononi mwa duka, na wewe unaipokea kama vile ilikuwa mali ya duka. Hakuna usafirishaji wala ada ya maduka mawili.

Shotigani peke yake ingeweza kufuata njia nyingine. Raifo na shotigani, muuzaji mwenye leseni wa jimbo lolote anaweza kumkabidhi mgeni, mradi mmeonana ana kwa ana na mauzo yanakubalika kwa sheria za majimbo yote mawili. Yaani wewe na mzee mngeweza kukutana kwenye duka la Covington mkaimaliza hapo. Bastola haina ruhusa hiyo: ni jimbo lako tu. Sioni sababu ya kugawanya safari, basi zote mbili ziende Ohio. Jihadhari pia na mtu anayekuuzia fremu tupu, kile kipande chenye namba kisicho na mtutu wala kitako. Hicho hata kama kilitoka kwenye raifo hakihesabiwi kuwa raifo. Kinafuata masharti ya bastola, pamoja na umri wa miaka 21, wakati raifo na shotigani kwa sheria ya shirikisho ni 18.

Mzee angekuwa mbali, tuseme Georgia, mambo yangekuwa marefu kidogo. Duka lako linatuma nakala ya leseni yake kwa upande wa pili, na anayetuma anaihakiki kwenye tovuti ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa kuingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za leseni. Tangu 1927 sheria ya posta imewazuia watu wa kawaida kutuma bastola kwa posta, na kampuni kubwa za vifurushi nazo zimebana, hazipokei silaha kutoka kwa mtu asiye na leseni. Ndiyo maana kwa kawaida muuzaji anaipeleka kwenye duka la kwao, duka hilo ndilo linalotuma kwa duka lako. Ndani ya boksi mnaweka nakala ya kitambulisho cha muuzaji, jina lako na namba yako ya simu. Boksi likifika bila jina la mnunuzi, linakaa kwenye rafu hadi mtu aje kuliulizia.

Siku ya kuchukua, beba leseni ya udereva yenye anwani ya sasa. Hapa ndipo wengi wanarudishwa: wamehama, leseni bado ina anwani ya zamani. Ikiwa yako iko hivyo, ongeza hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari. Sanduku la posta halikubaliki kama makazi. Beba na grini kadi, kwa sababu Fomu 4473, ile ya shirikisho ambayo mnunuzi anaijaza dukani, inauliza namba yake. Mdogo wako anayesoma Indiana akiuliza, mwambie mwanafunzi huhesabiwa mkazi wa jimbo la chuo kwa wakati anaoishi hapo, lakini naye atahitaji hati ya serikali yenye anwani ya huko, na barua ya chuo cha binafsi haitoshi.

Kabla ya kujaza fomu, ikague silaha. Namba iliyo kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye daftari. Angalia kama pameparuliwa au kuchongwa upya. Namba iliyofutwa ni kosa la jinai kwa anayeishika, japo zipo silaha za kabla ya 1968 ambazo hazikuwekwa namba tangu kiwandani. Mtutu wa shotigani usipungue inchi 18, na wa raifo inchi 16, maana mfupi zaidi ya hapo una usajili wake wa pekee. Angalia kutu ndani ya mtutu na nyufa kwenye kitako. Ukishasaini na kukabidhiwa, kumrudishia mzee ni safari nyingine kamili kupitia duka. Na uelewe kwamba ukaguzi wa FBI unakuhusu wewe, haukagui kama bunduki iliibiwa. Mwombe mzee picha ya namba mapema, uulize polisi kama wanaweza kuiangalia.

Fomu ijaze kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho, yote matatu, kwa mpangilio uleule. Majina yetu yanapogeuzwa mbele nyuma ndipo ucheleweshaji unapozaliwa. Namba ya Social Security ni hiari, lakini iandike, inasaidia usichanganywe na mtu mwingine. Swali la bangi lijibu ukijua fomu ni ya shirikisho: Ohio iliiruhusu kwa watu wazima kwa kura ya Novemba 2023, na fomu yenyewe ina onyo kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu.

Majibu ya ukaguzi ni matatu: endelea, imecheleweshwa, imekataliwa. La kwanza mara nyingi huja baada ya dakika chache. Ikicheleweshwa Jumatatu, unahesabu Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Bila jibu, Ijumaa duka linaruhusiwa kukupa, ingawa halilazimiki. Siku ambazo ofisi za jimbo zimefungwa hazihesabiwi. Walio chini ya miaka 21 wanaweza kungojeshwa hadi siku 10 za kazi, tangu sheria ya 2022. Ukikataliwa, usibishane na karani, yeye haambiwi sababu. Unakata rufaa FBI, na ukishinda, au ukiwa unacheleweshwa kila mara, unaweza kuomba namba maalumu ya utambulisho iitwayo UPIN inayoandikwa kwenye fomu inayofuata.

Swali moja lisikuponyoke: wewe ndiye mnunuzi halisi? Mjomba wako asikwambie, "nichukulie na mimi moja, nitakurudishia." Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, aliyekuwa polisi Virginia, aliyemnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola kwa bei ya punguzo. Mjomba alikuwa mtu safi, tena bastola alikabidhiwa kupitia duka lenye leseni, ukaguzi ukafanywa. Bado Abramski alitiwa hatiani, kwa sababu alijiandika mnunuzi wakati pesa na silaha vilikuwa vya mwingine. Na tangu 2022 kumnunulia mtu huku ukijua amekatazwa kuwa na silaha, au anakusudia kuitumia kwenye uhalifu, kuna kifungu chake chenyewe, hadi miaka 15 gerezani.

Kuhusu pesa: usitume kwa njia isiyorudishika kwa mtu ambaye hamjaonana. Muuzaji anayeona duka ni usumbufu na kutaka mmalizane barabarani, mwache. Kwa huyu mzee, lipa palepale kaunta, baada ya kukagua. Andikianeni pia nini kitatokea ukikataliwa: nani analipa ada, na silaha inarudi kwake kwa gharama ya nani. Duka linaweza kumrudishia.

Na ukihamia California kama unavyosema, niambie kabla. Huko kuna orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, cheti cha usalama na kungoja siku 10, na magazini za risasi zaidi ya 10 ni tatizo.

Nitumie ada uliyotajiwa na maduka mawili au matatu, tulinganishe.

Baba yako