Barua ya Wazi kwa Meya wa Tantramar: Pimeni Chuma cha Sackville

Mheshimiwa Meya,

Manispaa yako, katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, ilizaliwa tarehe 1 Januari 2023, mji wa Sackville ulipounganishwa na Dorchester na maeneo ya jirani. Barabara, mabomba ya maji na madeni ya mji wa zamani vikahamia kwako. Umerithi pia jina lililoko kwenye meli ya kivita iliyofungwa gatini Halifax, kama kilomita 200 kutoka ofisini kwako. Wageni wengi wanaoipanda hudhani imeitwa kwa kitongoji cha Lower Sackville kilicho nje kidogo ya Halifax. Sivyo. Ni ya kwenu.

HMCS Sackville, namba K181, iliundwa Saint John, New Brunswick, ikashushwa majini Mei 1941 na kuingia kazini tarehe 30 Desemba mwaka huohuo. Waingereza waliziita meli hizi za kusindikiza misafara, yaani korveti, kwa majina ya maua. Wakanada wakachagua majina ya miji, na miji iliyopata meli ikazilea: ikatuma soksi, sweta za kufumwa kwa mkono, vitabu, hata mashine za kufulia.

Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu korveti zilifika pia kwetu. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia Kilindini makao ya manowari zao za Bahari ya Hindi. Mei mwaka huo korveti kadhaa zilikuwa katika uvamizi wa Diego Suarez, Madagaska. Moja yao, Auricula, iligonga bomu la majini ikazama. Mwezi uliofuata brigedi ya askari wa Afrika Mashariki ilishuka bandarini hapohapo. Korveti za aina hiyo ziliundwa zaidi ya 250, na iliyobaki duniani ni Sackville peke yake. Mjukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) akitaka kujua meli zilizomtangulia babu yake zilikuwaje, hana pengine pa kwenda.

Sasa tuingie kwenye chuma. Ramani ya korveti ilitokana na meli ya kuwinda nyangumi, ili viwanda visivyowahi kuunda manowari navyo viweze kuziunda. Urefu wake ni mita 62.5, pangaboi moja, injini ya mvuke ya pistoni, mwendo wa noti 16 (kama kilomita 30 kwa saa). Nyambizi ya Kijerumani ikiwa juu ya maji ilikwenda noti 17 na zaidi, kwa hiyo korveti haikuweza kuifukuza. Ilichoweza ni kuilazimisha izame, kisha kuitupia mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, kila moja likiwa na baruti ya zaidi ya kilo 130. Agosti 1942, katika ukungu wa Atlantiki, Sackville ilizijeruhi nyambizi mbili kwa siku mbili. Lakini bomu likipangiwa kulipuka karibu na uso wa maji, mshindo wake huirudia meli yenyewe iwapo haijatoka mbali. Mwaka 1944 boila moja ikaharibika, na meli ikaondolewa kwenye misafara. Walioiunda walihesabu miaka ya vita tu. Imeshapita 80.

Meli kama hii huliwa kutoka ndani. Watu hutazama maji ya chumvi yaliyo nje, kumbe maji ya mvua yanayopenya sitaha ndiyo hatari zaidi. Hushuka polepole hadi ngamani, chini kabisa ya meli, na kutulia miguuni mwa mataruma, yaani mbavu za meli, pasipofikika kwa brashi wala kwa jicho. Kutu ikianza kwenye mshono wa ribiti, yaani pini zinazobana mabati, huvimba, hutanua mabati mawili yaliyobanana, na kichwa cha ribiti hukatika. Kupasha joto vyumba wakati wa baridi hakutoshi: hewa ya joto yenye unyevu ikigusa bati ambalo upande wake wa pili ni maji yanayokaribia kuganda, hugeuka matone. Inatakiwa mashine ya kukausha hewa, unyevu ushuke chini ya asilimia 50 na ubaki huko hadi masika.

Viraka ni balaa nyingine. Ni rahisi kuchomelea bati jipya juu ya bati bovu, na mara nyingi ndicho kinachofanyika kwenye meli za makumbusho. Unyevu hunaswa katikati, bati la zamani huendelea kuoza gizani, na kipimo kinachochukuliwa kutoka nje husoma unene wa kiraka peke yake.

Ombi letu basi ni moja. Tantramar iweke kwenye bajeti yake fungu la kudumu la kugharamia upimaji wa unene wa ubavu wa Sackville kila mwaka, na ipokee majibu yake. Serikali kuu ilitoa mamilioni ya dola mwaka 2018 kwa ajili ya ubavu huo, nasi hatuwaombi muifanye kazi hiyo. Kwa mizinga na rangi za vita wafadhili hupatikana. Ni vigumu zaidi kumpata wa kulipia jedwali la namba, na bila namba hizo fundi wa cheleezoni hukata bati kwa kubahatisha.

Namna ya kupima ina maana kuliko idadi ya vipimo. Kipima unene cha mawimbi ya sauti kiwe cha mwangwi mwingi, kinachoruka rangi. Cha mwangwi mmoja huhesabu rangi kama chuma na kukupa moyo usiostahili. Sehemu za kupima zitiwe alama kwenye mchoro wa mabati na zirudiwe zilezile mwaka baada ya mwaka: mstari wa maji, chini ya chumba cha boila, chini ya matangi, kando ya matundu ya kuvuta maji ya bahari. Wapimaji wakiachwa wenyewe hupima panapofikika kirahisi, na panapofikika kirahisi ndipo palipopakwa rangi vizuri. Wasitoe wastani tu. Waandike na kipimo kidogo kuliko vyote, kwa kuwa shimo la upana wa kidole linaingiza maji hata kama bati lote lililobaki ni zima. Bati lililopoteza robo ya unene wake liingizwe kwenye orodha ya kubadilishwa, siyo ya kutiwa kiraka.

Siku hiyohiyo zikaguliwe zinki za kinga, vipande vinavyofungwa kwenye ubavu ili viliwe badala ya chuma. Zinki ambayo haijaliwa hata kidogo haifanyi kazi: ama imepakwa rangi, ama haigusani na chuma kitupu. Ukipima volti za chuma majini kwa elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, ubavu uliokingwa husoma volti hasi 0.80 au zaidi ya hapo upande wa hasi. Ukipita hasi 1.10 rangi huanza kuumuka.

Kibao cha shaba hatukiombi. Mji wenu ulikuwa na minara ya redio ya masafa mafupi iliyosikika duniani kote. Matangazo yalikoma 2012, minara ikaangushwa 2014, na vibao havingeiokoa.

Majira ya joto meli hukaa kwenye gati la wageni, kisha huvutwa kwa tagi hadi bandari ya jeshi kupitisha baridi. Wiki kabla ya kuvutwa ndizo za kupima, vyumba vingali vikavu na muda ungalipo wa kuziba kilichoonekana. Tunaomba fungu hilo liwasilishwe kwenye baraza kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, na tupate jibu la maandishi, la ndiyo au la hapana.

Wako,
Wasemaji wa Kiswahili wapenzi wa meli za zamani, Halifax