Mtoto aking'olewa gego, pengo lake lishikiwe nafasi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wazazi wengi hapa Lamu hatuambiwi tunapopeleka watoto kung'olewa meno.

Mtoto wa miaka 7 akiumwa na gego lililooza, linang'olewa, anapewa pamba aiume, na mamake anaambiwa maneno yale yale: "Usijali mama, hilo la utotoni, litaota jengine." Kuota litaota. Lisilosemwa ni lini. Meno ya mbele hubadilika kati ya miaka 6 na 8 hivi, lakini magego ya utotoni huwa yakae mpaka miaka 10, 11, hata 12. Yaani pengo la mtoto huyo huenda likabaki wazi miaka minne, na meno yaliyo jirani hayatulii kungoja.

Msumbufu mkubwa ni gego la kudumu la mwanzo, linaloota kwenye miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hilo haliotei mahali pa jino lililong'oka, ndiyo maana wazazi hatuna habari nalo. Tunadhani nalo ni la utotoni. Kawaida yake ni kusogea mbele, na kinacholizuia ni lile gego la utotoni lililo mbele yake. Likiondolewa hilo, kubwa hulalia pengoni, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Jino jipya likija hukuta pamejaa, likatokea ubavuni au likakwama ndani ya ufizi.

Mjukuu wangu aling'olewa gego la chini akiwa darasa la pili. Hatukutajiwa lolote. Mwaka uliofuata nilimkalisha barazani, nikamwambia apanue kinywa aelekee jua. Pengo lililokuwa likipokea ncha ya kidole changu sasa lilikuwa halipitishi hata njiti ya kiberiti. Daktari wa meno aliyemwona baadaye Mombasa ndiye aliyetueleza kwamba kuna kifaa cha kushika nafasi, na kwamba kingewekwa mapema. Sasa kazi ni kulirudisha gego nyuma, nayo ni ndefu na ina gharama zaidi.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni pete ya chuma kisichoshika kutu, inavishwa jino lililo jirani na pengo na kugandishwa kwa saruji ya meno. Kwenye pete kuna kitanzi cha waya kinachovuka pengo mpaka jino la upande wa pili. Jino jipya likianza kuchomoza, kinatolewa. Si kila pengo linakihitaji: meno manne ya mbele kwa kawaida hayana shida hiyo, na ikiwa picha ya eksirei inaonyesha jino jipya lililo ndani ya ufizi limekaribia kuchomoza, hakuna haja. Na bora kuliko waya wowote ni gego lenyewe, likiwahiwa likazibwa, au likatolewa kiini kilichoharibika na kuvishwa kofia ya chuma. Lakini sisi huwapeleka watoto wakiwa wamekesha wakilia, na hapo mara nyingi linalobaki ni koleo.

(Mwenye kuwekewa kifaa hicho aagane kwanza na mabuyu, halua na chingamu. Vitu vinavyonata huvuta pete ikalegea, na chakula kikiingia chini yake jino linaoza kimyakimya. Ndiyo maana lazima arudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Kumnyima mtoto wa Lamu mabuyu si kazi ndogo, najua.)

Tatizo letu ni bahari na barabara. Kumtoa mtoto Lamu mpaka Mombasa ni mashua hadi Mokowe, kisha basi la kutwa. Safari ya kwanza ni ya kuchukuliwa kipimo, yaani chapa ya meno yake, ya pili ni ya kuvishwa, na hapo bado hujalipia malazi. Wangapi wataenda kwa ajili ya kipande cha waya?

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, basi ombi langu nalielekeza huko. Kipimo kinaweza kuchukuliwa hapa hapa, kikamiminiwa plasta, ule uji mweupe unaoganda ukawa mgumu, na mfano huo wa meno ukatumwa maabara kwa basi kama mzigo mwingine wowote. Isafiri plasta, mtoto abaki shuleni. Tena siku hizi kuna vifaa vinavyotoka kiwandani vikiwa tayari, vya saizi mbalimbali, ambavyo daktari huvirekebisha na kuvigandisha mgonjwa akiwa bado kitini. Boksi moja la hivyo likiwekwa kwenye kliniki ya meno ya umma, watoto wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, watahudumiwa siku ile ile wanayong'olewa.

Nitajibiwa kwamba wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Sibishi. Basi angalau kwenye ile karatasi anayopewa mzazi baada ya jino kutolewa, iandikwe ni jino gani, na kama pengo lake linahitaji kushikiwa nafasi au la. Hilo halihitaji bajeti ya mwaka ujao.

Bibi wa wajukuu,
Langoni, Lamu