Muuza pombe aweke bondi ya mnywaji, sio ya ushuru peke yake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee juu ya hizi leseni za pombe na bondi, yaani dhamana ya pesa ambayo muuzaji angeweka kabla ya kupewa leseni ili anayeumia alipwe, manake kila mara watu wakifa na pombe ya sumu tunasikia maneno ni yaleyale, baa zimefungwa, leseni zimefutwa, machifu wameonywa, halafu wenye biashara wanakimbia kortini kupinga na baada ya miezi kadhaa kila mtu ameendelea na shughuli zake. Yule mama aliyeachwa na watoto hakuna anayemtaja tena. Atalipwa na nani?

Wacha nikumbushe wasomaji. Novemba 2000 kule Mukuru, Nairobi, kumi kumi, pombe haramu ya bei ya chini, ikiwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, iliua zaidi ya watu 100 na wengine wakapofuka. Mei 2014 ikarudi Embu, Kitui, Kiambu na Murang'a, tukazika tena. Februari 2024 ikawa zamu ya Kangai, Kirinyaga, watu 17. Hapo katikati tulitunga sheria ya 2010, ile watu wanaita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ikahalalisha chang'aa ikitengenezwa kwa viwango, ikapanga saa za kufungua baa na ikasema baa isikae karibu na shule, kisha katiba ikapeleka leseni kwa kaunti. Sipingi hayo. Lakini yote ni ya kumwambia muuzaji auze saa ngapi na auzie wapi, hakuna pesa imewekwa kando kwa ajili ya mtu atakayeumia.

Na sio ati neno bondi ni geni kwa hii biashara. Pombe ikikaa kwa ghala la forodha kabla ya kulipiwa ushuru, mwenyewe lazima aweke bondi, na mzigo ukipotea KRA, mamlaka ya kutoza ushuru, inadai pesa yake bila kubembeleza mtu. Kwa hivyo serikali inajua vizuri kabisa maana ya dhamana! Ilijikinga yenyewe kwanza.

Kuna mahali walifanya tofauti na nadhani wabunge wetu wangesoma hiyo historia. Jimbo la Nebraska kule Marekani, mwaka wa 1881, walipitisha sheria iliyoitwa ya Slocumb. Hukupata leseni ya baa mpaka uweke bondi ya dola 5,000 ikiwa na wadhamini wa kusimama na wewe, na hiyo bondi haikuwa ya mtoza ushuru peke yake. Aliyeumizwa na biashara yako angeweza kuidai, mjane, yatima, hata mke ambaye mume yuko hai lakini hawezi tena kulisha nyumba. Sheria ilitaja wazi kwamba mke anaweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe, kwa niaba yake na watoto, na hiyo ni karne ya 19, wakati wanawake wengi hata kura walikuwa hawapigi. Texas nao 1887 wakaweka bondi ya dola 5,000, ukiuzia mtoto, ama ukiuzia mlevi sugu baada ya mke au mama yake kukuandikia barua ya kukukataza, aliyeumizwa anakushtaki na kila kosa ni dola 500.

Bila shaka kesi zilikuwa nyingi. Wauzaji walisema kuuza pombe ni haki yao kama kuuza unga, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 1890, kwa kesi iliyotoka San Francisco ya Crowley na Christensen, ikasema hakuna raia aliye na haki ya asili ya kuuza pombe ya rejareja, serikali inaweza kuweka masharti ama hata kukataza kabisa. Kule Texas ugomvi ulikuwa umri, muuzaji anaapa kijana alionekana mtu mzima. Wadhamini nao walikuwa wakibishana kama deni ni lao kweli. Lakini ile sehemu naipenda zaidi ni ya ushahidi. Mlevi amezunguka baa tatu kwa siku moja, sasa mjane atajuaje ni glasi gani ilimuua? Sheria ya Nebraska ilimpunguzia huo mzigo, ilitosha aonyeshe kwamba huyu muuzaji alimuuzia marehemu siku hiyo ama karibu na hapo. Kwetu mjane wa kijijini anaweza kushtaki pia, sheria ya kudai fidia ya aliyefariki iko, lakini athibitishe chupa ilitoka wapi, alipe wakili, na akishinda anapata mwenye baa alikuwa mpangaji wa chumba kimoja na hana mali ya kukamatwa.

Kuna wale watasema bondi itamfukuza mfanyabiashara mdogo ibaki matajiri. Hiyo ni kweli na lazima isikizwe, hata huko Marekani kampuni za bia ziliishia kuwalipia wenye baa leseni na dhamana, wakawa watumishi wao, wakauza bia ya bwana mmoja tu. Ndio maana naona mzigo mkubwa ubebwe na anayetengeneza na anayesambaza, na yule wa kaunta aweke kidogo kulingana na mauzo yake, kupitia bima ama sacco yao.

Matatu haitoki stendi bila bima ya kumlinda abiria na mpita njia. Hakuna mwenye matatu anayeuliza kwa nini, ni sheria, na kampuni za bima zinaifanyia biashara. Sasa mtu anauza kitu ambacho kikichanganywa vibaya kinapofusha kijiji kizima kwa usiku mmoja, mbona yeye asiwe na bima? Kampuni ya bima ikijua ndiyo italipa, itatuma watu wake kukagua stoo na kuuliza mzigo umetoka wapi, na kwa pesa yao watakagua kushinda afisa anayepita mara moja kwa mwaka.

Naomba wabunge, na mabunge ya kaunti kwa upande wa leseni, waandike vitu vitatu wakigusa hii sheria tena. Bondi iwe sharti la leseni kuanzia kiwandani. Familia iweze kuidai moja kwa moja kwa korti ndogo ya karibu bila kungoja kesi ya jinai iishe, manake hizo zinachukua miaka. Na leseni ikifutwa bondi isirudishwe kwa mwenyewe mpaka madai yote ya waliouziwa pombe yake yasikizwe.

Msomaji wako,
Nakuru