Unapotaka Konsatina Yenye Noti Nyingi Zaidi

Wateja wengi wanaotuletea konsatina (kinanda kidogo cha mkononi chenye vitufe na mivukuto ya kusukuma na kuvuta) wakilalamika kwamba noti haziwatoshi huwa wamekwisha kuamua kununua yenye vitufe vingi zaidi. Sisi huwauliza kwanza: noti uliyoitafuta ukaikosa ni ipi hasa?

Konsatina ya mfumo wa Kiingereza, ambao kila kitufe hutoa noti ile ile ukisukuma au ukivuta, ikiwa na vitufe 48 huanzia G iliyo chini ya C ya kati, palepale unapoanzia uzi mnene wa fidla, na kupanda hadi C iliyo oktavu tatu juu ya C ya kati. Huko juu kabisa mna noti ambazo, kusema kweli, wapigaji wengi hawazigusi mwaka mzima. Ndiyo maana malalamiko karibu yote huhusu upande wa chini: wimbo unashuka hadi F au D, na kidole hakioni pa kubonyeza.

Ikiwa kinachokosekana ni F hiyo peke yake, huna haja ya kununua. Konsatina hizi zina kitufe kimoja cha G-shapu na kingine cha A-flati, ingawa kwa upatanishi wa siku hizi sauti ni ile ile. Kwa hiyo A-flati ya chini inaweza kushushwa iwe F kwa kuongeza risasi ya kulehemu kwenye ncha ya ulimi wa chuma, yaani kile kibamba chembamba kinachotikisika na kutoa sauti. Kazi hufanywa kwenye ndimi mbili, kwa sababu kila kitufe kina ulimi wa kusukuma na ulimi wa kuvuta. Hatupendi kushusha zaidi ya hapo, maana ulimi uliolemewa huchelewa kuitika. Kuongeza ndimi mpya ndani ya kasha la zamani hatukubali kabisa, kwani kila ulimi huhitaji chumba chake, na vyumba vilivyomo vimekwisha kujaa.

Anayehitaji oktavu nzima iliyo chini ya C ya kati afikirie ile ya vitufe 56 ambayo hushuka hadi C ya chini bila kupoteza noti za juu, au baritoni, ambayo vidole hucheza vilevile lakini sauti hutoka oktavu moja chini. Ajue tu kwamba ndimi za sauti nzito ni ndefu, hula hewa nyingi ya mivukuto na huanza kulia polepole, na kwamba kasha huwa kubwa na zito. Mpigaji wa nyimbo za kasi huliona hilo siku ya kwanza.

Kwa mfumo wa Anglo, ambao kitufe kimoja hutoa noti moja ukisukuma na nyingine ukivuta, shida ni mapengo. Ile ya vitufe 30 yenye safu za ngazi ya C na ya G inafika C ya chini, lakini katika oktavu hiyo D na F-shapu hazimo, na baadhi ya noti hupatikana kwa kusukuma tu au kwa kuvuta tu. Vitufe 38 au 40 huziba sehemu kubwa ya mapengo hayo. Mifumo ya dueti, kama ule uliosajiliwa na mbunifu wake, Maccann, mwaka 1884, hutenga sauti za chini mkono wa kushoto na za juu mkono wa kulia, nayo hupendeza sana kwa anayejisindikiza mwenyewe. Lakini ni kujifunza upya tangu mwanzo, na hatumshauri hivyo mtu anayekosa noti mbili.

Ukija, lete nyimbo zako, kila noti unayoikosa ukiwa umeizungushia penseli.