Msituonye dhidi ya kutovuka mto

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua kwa muuzaji yule yule wa stejini Buruburu tangu miaka ya tisini, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza mlipopunguza kurasa. Nilinyamaza mlipopandisha bei. Lakini ile habari yenu ya mvua, Jumanne, ukurasa wa tatu, imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba wakazi wa kando ya Mto Mathare "wameonywa dhidi ya kutovuka mto unapofurika". Niliisoma mara tatu, kisha nikamsomea mke wangu aliyekuwa akipepeta mchele. Akainua kichwa akaniuliza, "Kwa hiyo wavuke?"

Mama hakukosea kusikia. Ndivyo mlivyoandika. Na mliwaandikia watu ambao hawajasahau Aprili ya 2024, maji yalipoingia vibandani usiku na kubeba watoto, godoro na mabati.

Najua kosa hili linavyozaliwa, kwa sababu nimeishi nalo. Taarifa ilikuja kwa Kiingereza, na bila shaka ilisema watu "are warned not to cross". Mwingereza ana njia mbili za kusema jambo hili. Akitumia "not to", ukanushi unakaa kwenye kitendo chenyewe: kuonywa usivuke. Akitumia "against", basi kitendo kinabaki kizima, "against crossing", kwa sababu neno "against" limeshabeba kazi ya kukataza. Anachagua moja. Hawezi kuzichanganya bila kupindua maana. (Wenyewe hugombana kama "not" itangulie "to" au ifuate, ila huo ni ugomvi wa mpangilio tu, maana inabaki ile ile.) Mwandishi wenu alichukua "dhidi ya" kutoka njia ya pili na "kuto-" kutoka njia ya kwanza, akazifunga pamoja kama kuni. "Dhidi" tumelipata kwa Waarabu, nalo ni neno la kupinga kile kinacholifuata. Chanjo dhidi ya surua inapinga surua. Onyo dhidi ya kutovuka linapinga kutovuka. Hakuna mlango mwingine wa kutokea hapo.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Nairobi kwa miaka 26. Hakimu anasema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Kiswahili, na mtu aliye kizimbani anaondoka na kile alichosikia kinywani mwangu, si kinywani mwa hakimu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila kulipa chochote. Haki hiyo ni nzuri ikiwa mkalimani amesema kilichosemwa. Asubuhi moja, katika chumba cha jirani na changu, aliletwa kijana wa mkokoteni kutoka Gikomba. Alikuwa amegombana na shangazi yake juu ya kodi ya chumba, wakashikana mashati. Shangazi ndiye mlalamishi na ndiye shahidi. Hakimu akampa dhamana na kumwonya, kwa Kiingereza chepesi kabisa, asiwasiliane na shahidi. Aliyekuwa akitafsiri siku hiyo alikuwa mgeni kazini, na faili zilikuwa zimejaa mezani hadi zinaanguka. Akasema, "Mahakama inakuonya dhidi ya kutowasiliana na shahidi." Kijana akainamisha kichwa, akajibu, "Sawa, mheshimiwa." Jumapili yake akavaa shati lake la kanisani, akanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, akaenda kwa shangazi na kubisha hodi. Akasema ametumwa na korti waongee. Shangazi alipiga nduru, majirani wakajaa, polisi wakaitwa, na Jumatatu kijana alikuwa kizimbani tena, mara hii kwa kuvunja masharti ya dhamana, risiti ya sukari ingali mfukoni mwa shati. Dhamana ikafutwa. Niliitwa baadaye, jambo lilipoanza kutiliwa shaka, nikamuuliza taratibu, "Uliambiwa ufanye nini?" Akanijibu, "Niliambiwa nisikose kuongea na shangazi." Hakuongeza neno wala hakupunguza, hiyo ndiyo maana halisi ya maneno aliyopewa. Alikuwa amekaa rumande siku 11. Mkokoteni, ambao hata haukuwa wake, tajiri alikuwa ameshaukodisha kwa mtu mwingine. Mhariri, nikiona "dhidi ya kuto-" kwenye gazeti lenu, namwona kijana yule akishika ile risiti kama ushahidi wa utiifu wake, na hasira inanipanda hadi mikono inatetemeka.

Atatokea msomaji wenu mmoja wa kuwatetea, aseme Kiswahili chenyewe hurudia ukanushi: "Mama alimkataza asiende", "Walimzuia asiingie". Ni kweli, na ni Kiswahili safi, hata bibi yangu alisema hivyo. Lakini sikilizeni vizuri. Hapo "asiende" ni yale maneno ya mama yenyewe, ni kama bado tunamsikia akisema "usiende". Sikio halipotei. Kwenye "dhidi ya" hakuna maneno ya mtu yeyote, kuna kitu kinachopingwa tu, na ukikikanusha umekigeuza. Msijifiche nyuma ya bibi yangu.

Tena kuna ukanushi unaohama na usiohama, na hili nalo wanafunzi wa tafsiri hawafundishwi inavyopaswa. Nikisema "sitaki uende", nimesema karibu sawa na "nataka usiende". Kiingereza nacho kinaruhusu hivyo kwa kutaka na kudhani. Lakini kuambia, kuonya, kuhimiza na kuamuru havikubali mchezo huo. "Hakuniambia nitie sahihi" ni ushahidi mmoja, na "aliniambia nisitie sahihi" ni ushahidi mwingine kabisa. Katika wa kwanza mtu alinyamaza. Katika wa pili alinishika mkono. Nimeona wakili akisimama nusu saa juu ya tofauti hiyo, na alikuwa na haki ya kusimama.

Na maadamu nimeshika kalamu, hebu niulize: hali ya kuamuru na kuomba, ile ya "wasi-" na "wa-e", kama "wasitupe" na "walipe", imewakosea nini? Siku hizi kila kichwa cha habari ni "watakiwa kutotupa taka", "wahimizwa kulipa ada", "waombwa kutogoma". Mwingereza hutumia kitenzi kisicho na mwenyewe kwa sababu kitenzi chake hakina kiambishi cha kumtaja mwenyewe. Sisi tunacho. Tumerithi kitenzi kinachosema nani afanye na nani asifanye kwa silabi moja, nanyi mnakivua nguo hiyo ili kifanane na cha mgeni. Mwezi uliopita mliandika kwamba mkuu wa shule fulani "aliwaomba wazazi kutohudhuria mkutano". Nani hakuhudhuria? Kama ni wazazi walioombwa wabaki nyumbani, ni "wasihudhurie". Kama ni mkuu aliyeomba udhuru, ni "asihudhurie". Nilisoma habari nzima hadi mwisho na sikujua. Mjukuu wangu wa Gredi ya 6, ambaye mnamfundisha Kiswahili kwa kurasa hizi bila kujua, sasa anaandika insha zenye "mwalimu alituambia kutopiga kelele". Mwalimu gani duniani husema hivyo? Mwalimu husema "msipige kelele", na mtoto akisimulia anasema "alituambia tusipige kelele". Mtoto huyu alijua hivyo akiwa na miaka minne, jikoni kwa nyanya yake, kabla ya kusoma gazeti.

Sasa ombi langu, nalo ni dogo. Kila jioni kabla kurasa hazijapelekwa mtamboni, mmoja wenu aandike kwenye kompyuta herufi hizi, "dhidi ya kuto", na kutafuta katika kila ukurasa. Kila zinapojitokeza zikiwa za kukanusha, si za "kutoa" wala "kutoroka", aondoe "to", au aondoe "dhidi ya" yote na kuweka "wasi-". Ni kazi ya dakika mbili. Kisha habari yoyote inayowaambia watu wafanye au wasifanye jambo linaloweza kuwaua, maji, stima, dawa, gesi, achukue ukurasa huo, ashuke ngazi, amsomee askari wa lango lenu, na kumuuliza kama nilivyomuuliza yule kijana: "Umeambiwa ufanye nini?" Askari akijibu vingine, ukurasa urudi juu.

Na ile ya Mto Mathare isahihishwe kesho, ukurasa wa tatu pale pale ilipokuwa, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mvua bado inanyesha.

Mkalimani mstaafu,
Buruburu, Nairobi